Kiwanda Kinapumzika

Siku mtambo mkubwa ulipozimwa, Bi Mvuke alidhani amekuwa kiziwi.

Alikuwa mhandisi katika kiwanda cha kusafisha mafuta, na mnara wa kutenganishia mafuta ghafi ulikuwa chini ya mkono wake. Jina la Bi Mvuke hakupewa na wazazi. Alipoanza kazi, msichana mwembamba aliyepotelea ndani ya ovaroli ya kiume, alikuwa na tabia ya kumweleza kila mtu habari za mvuke: walinzi wa getini, wapishi wa kantini, hata dereva wa meneja. Mvuke ndio unaopasha, mvuke ndio unaosukuma, mvuke ukidharauliwa unaua. Watu wakamcheka, wakampa jina, nalo likamganda kama grisi kwenye kucha. Akaolewa, akazaa, akapandishwa cheo, jina likabaki palepale. Hata meneja, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, akisahau kidogo alimwita hivyo mbele ya wageni.

Kazi yenyewe aliipenda, ingawa asingeweza kukueleza kwa nini. Mafuta ghafi yaliingia kwenye tanuru yakiwa meusi na mazito, yakapashwa mpaka yakachemka, kisha yakasukumwa ndani ya mnara. Humo kila kitu kilijitafutia kimo chake: petroli ikapanda juu kabisa, mafuta ya taa yakafuata chini yake, dizeli ikakaa katikati, na lami ikabaki chini kama bibi aliyekataa kunyanyuka mkekani. Kazi ya Bi Mvuke ilikuwa kuhakikisha hakuna anayekaa kwenye kiti cha mwenzake. Joto likizidi kidogo, dizeli ilipanda kwa jirani. Likipungua, ilishuka. Alizunguka kutwa kati ya chumba cha udhibiti na mabomba, akisikiliza. Mtambo ulinguruma mchana na usiku, na baada ya miaka mingi hakuusikia tena, kama mtu asivyosikia pumzi zake mwenyewe. Alisikia tu pale sauti ilipobadilika.

Sasa sauti haikubadilika. Ilikwisha.

Meneja aliwakusanya wafanyakazi wote kantini asubuhi ya siku hiyo, akapanda juu ya benchi.

"Hatufungi," alisema. "Naomba neno hilo lisitoke humu ndani. Kiwanda hakifungwi. Kiwanda kinapumzika."

"Mpaka lini?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Mpaka hapo hali itakaporuhusu."

"Hali gani?"

Meneja akafuta jasho. "Hali kwa ujumla."

Watu wakacheka, maana hawakujua wafanye nini kingine. Kufikia mwisho wa mwezi karibu wote walikuwa wameshakwenda makwao. Wakabaki wachache: walinzi, karani mmoja, fundi mitambo aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko, na Bi Mvuke. Meneja alimwita ofisini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeusia:

"Wewe kazi yako ni kukitunza. Kitunze kama vile kitawashwa kesho."

"Kitawashwa kesho?"

"Nimesema *kama vile*."

Bi Mvuke akatoka na neno hilo mkononi, hajui aliweke wapi.

Mtu ambaye si wa kazi hiyo anaweza kudhani kuzima mtambo ni kama kuzima taa. Sivyo. Mtambo uliosimama unaoza haraka kuliko unaofanya kazi. Shafti za pampu, vyuma virefu vinavyozunguka ndani yake, zikilala upande mmoja muda mrefu hupinda kwa uzito wake zenyewe, kwa hiyo lazima uzizungushe kwa mkono, moja baada ya nyingine. Unyevu ukiingia ndani ya mnara, kutu inaanza kula, kwa hiyo lazima uujaze gesi ya naitrojeni na kuilinda isitoroke. Ndege huona kila tundu ni nyumba. Panya nao hawajui maana ya mapumziko. Basi Bi Mvuke na Kasuku wakawa wanafika asubuhi, wanavaa ovaroli na helmeti kama zamani, na kuanza kuzunguka: hapa grisi, pale brashi ya waya, kule kitambaa. Katika ukimya ule hatua zao zilisikika mpaka ng'ambo, na kila spana iliyoanguka iliwashtua wote wawili.

"Mhandisi," Kasuku alimwambia siku moja, akiwa ameinama juu ya pampu, "nikuulize kitu?"

"Nikikataa utanyamaza?"

"Hapana."

"Basi uliza."

"Mimi na wewe hapa, tunamuuguza mgonjwa au tunaosha maiti?"

Bi Mvuke aliendelea kuzungusha shafti. Ilizunguka vizuri, laini, bila kukwaruza. "Zungusha hiyo ya pili," alisema.

"Nazungusha. Lakini ukijua nijulishe. Maana mgonjwa unamfanyia kwa namna yake, na maiti kwa namna yake."

Alicheka Kasuku, na Bi Mvuke akacheka pia, lakini swali likamfuata mpaka nyumbani.

Nyumbani nako hapakuwa na nafuu. Wiki za mwanzo alikuwa akizungumza kwa kupaza sauti, kwa mazoea ya kushindana na mtambo, na sasa kwa kuwa masikio yake yalikuwa matupu alipaza zaidi. Mumewe, fundi wa redio na simu, mtu mpole aliyeshinda na bisibisi ndogo kama sindano, alikuwa akiweka kidole sikioni na kusema, "Mke wangu, sisi si viziwi. Chumvi nitakupa hata ukininong'oneza." Usingizi ukawa wa kuvizia. Binti yao aliporudi shule na kuambiwa na mwalimu aeleze kazi za wazazi wake, alieleza ya baba kwa ufasaha, kisha akaja kumuuliza mama.

"Niandike unafanya nini?"

"Andika mhandisi wa mafuta."

"Lakini mafuta hayapo."

"Andika hivyohivyo."

Aliyemchanganya zaidi alikuwa mama yake mzazi, ambaye waliishi naye. Bibi huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na macho. Asubuhi moja alimtazama binti yake akifunga kamba za buti, akamwuliza:

"Mwanangu, si umesema kiwanda kimezimwa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kila asubuhi unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Kufanya nini?"

"Leo tunazungusha pampu."

"Zinasukuma nini?"

Bi Mvuke akafikiri. "Hazisukumi kitu, mama. Tunazizungusha tu."

Bi Mvuke alipofika mlangoni alisikia sauti ya mama yake nyuma, taratibu, ikimwambia mkwewe: "Mkwe wangu, mimi si wa kuingilia ndoa za watu. Lakini hebu mpeleke mwenzako hospitali, akapimwe kichwa."

Wifi yake naye, dada wa mume, aliyekuwa na saluni mtaa wa pili, hakumwacha. Kila alipopita kusalimia alianza: "Wifi, na mimi nitafutie kazi kama yako. Kulinda kitu kisichokwenda popote!"

"Njoo, wifi. Nitakupa brashi ya waya na upande wa kaskazini wote."

"Brashi ya nini? Nilidhani mnakaa tu mnakitazama."

"Na kukitazama ni kazi. Jaribu uone."

Walicheka, utani wa mawifi ukaisha kwa chai na mkate. Lakini usiku, peke yake, Bi Mvuke aliona wifi yake hakukosea sana. Alijaribu kuzipima siku zake kwa kipimo alichokijua na hakikukubali. Zamani, jioni aliweza kusema: leo mafuta haya yameingia, haya yametoka. Sasa jioni alisema nini? Leo hakikuoza. Je, kutokuoza ni matokeo? Hakujua. Na mtu wa hesabu akishindwa kujua anafanya nini, kichwa chake kinakuwa kama redio iliyoko kati ya stesheni mbili: sauti zipo, maneno hayapo.

Ndipo siku moja meneja akapiga simu. "Kesho kuna wageni. Watembeze."

"Wageni wa namna gani?"

"Wageni wa kuona kiwanda. Watembeze kila mahali, uwajibu kila swali."

"Wanakuja kufanya nini hasa?"

"Watembeze, Bi Mvuke," meneja alisema, na simu ikakatika, au ilikatwa.

Alifua ovaroli yake, akaipiga pasi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kuajiriwa. Kasuku alinyoa ndevu. Asubuhi likaja gari moja refu, wakashuka watu: mzee mmoja mnene mwenye fimbo, kijana wa kompyuta, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na wengine wawili waliokuwa wakipiga picha. Bi Mvuke akaanza ziara yake kama mtu anayetambulisha wazazi. Hili ndilo tanuru. Hizi ndizo pampu. Huu, akasema, na sauti yake ikapanda bila kutaka, huu ndio mnara.

Mzee wa fimbo aliugonga mnara kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Uzito wake?" akauliza.

"Ukifanya kazi kamili, unapokea maelfu ya mapipa ya mafuta ghafi kwa siku, na..."

"Hapana, binti. Mnara wenyewe. Chuma chenyewe. Uzito?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mnara una uzito gani. Ni sawa na kumwonyesha mtu mwanao mwenye akili darasani, naye akuulize ana kilo ngapi. Moyo ukamwenda chini. Nyuma yake alimsikia Kasuku akinong'ona, "Maiti. Nilijua."

Lakini hapohapo yule mwanamke wa miwani akasogea, akachungulia kwenye tundu la tanuru na kuuliza, "Mabomba ya ndani mlibadilisha lini? Na unene wake sasa ukoje?"

Moyo ukapanda tena. Hilo ni swali la mtu anayetaka kuwasha. Anayekata chuma hajali bomba la tanuru litahimili joto gani. Bi Mvuke alimjibu kwa furaha, akamweleza mpaka mambo ambayo hakuulizwa. Kasuku akanong'ona, "Mgonjwa. Ana nafuu."

Basi wakaendelea hivyo asubuhi nzima. Mzee akiuliza urefu wa mabomba na njia ya kupitisha malori makubwa, roho ya Bi Mvuke inashuka. Mwanamke akiuliza maji ya boila inayotengeneza mvuke yanatibiwa vipi, inapanda. Ilifika mahali akahisi kizunguzungu hasa, cha mwilini, akashika reli ya ngazi. Mwishowe, wakiwa wamesimama kivulini wakinywa maji, uvumilivu ukamwishia.

"Samahani wazee wangu," alisema. "Mimi ni mtu wa mitambo, mafumbo siyawezi. Mmekuja kuwasha au kukata?"

Yule mzee alimtazama mwanamke wa miwani, mwanamke akamtazama kijana wa kompyuta, na kijana akatazama kompyuta.

"Kusema kweli, binti yangu," mzee akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu mwema tu, "tulidhani nyinyi ndio mtatuambia. Sisi tumeambiwa tuje tuone kinafaa kwa lipi."

Walipoondoka, Kasuku alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakusema neno.

Haukupita muda meneja akaja mwenyewe kiwandani. Alisimama chini ya mnara akiuangalia kama mtu aliyeazimwa kitu cha watu. "Wanataka waone boila ikiwaka," alisema. "Boila peke yake. Tanuru msiliguse. Mnaweza?"

"Tunaweza," Bi Mvuke alijibu kabla meneja hajamaliza. "Kwa hiyo wanawasha?"

"Wanataka waone ikiwaka."

"Na ikiwaka?"

"Watakuwa wameiona."

Hakutaka kumuuliza zaidi. Furaha ilikuwa imeshaingia, na furaha haipendi maswali. Yeye na Kasuku waliishughulikia boila ile kama bibi harusi. Walisafisha vichomeo, wakajaza maji, wakapima, wakakagua kila vali ya usalama kwa mkono na kwa jicho. Wageni wakarudi, wakasimama mbali wakiwa wamevaa helmeti mpya zenye stika. Bi Mvuke akawasha.

Kwanza palikuwa na mngurumo mdogo, kama mtu anayesafisha koo. Kisha moto ukashika. Geji ikatetemeka, ikaanza kupanda taratibu. Mvuke ukaingia mabombani, na mabomba yaliyolala baridi yakaanza kugonga na kulia, ngong, ngong, ngong, kiwanda kizima kikinyoosha viungo. Kwenye bomba la kutolea, juu, wingu jeupe likachomoka na kusimama angani. Kasuku alikuwa akirukaruka na spana mkononi. Bi Mvuke alisikia kitu cha moto kwenye mashavu, akadhani ni mvuke, akapeleka mkono. Yalikuwa machozi.

Sasa, wingu lile halikuonekana na wageni peke yao.

Mlinzi alikuja mbio. "Mhandisi, njoo getini. Watu."

"Watu gani?"

"Watu wetu."

Alipofika aliwakuta wamesimama nje ya geti. Walikuwa wengi na walizidi kuja, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, wanahema. Walikuwa wale waliokwenda makwao. Waliuona mvuke kutoka majumbani na vibandani mwao, wakaacha walichokuwa wakifanya. Wengine walikuwa wamevaa ovaroli za zamani, zilizofifia, zinazobana tumboni. Mbele kabisa alisimama fundi wa kuchomelea waliyemwita Baba Cheche, ambaye siku hizi aliuza viatu vya mitumba. Kichwani alikuwa na helmeti yake, na kwapani, kwa haraka ya kuondoka, alikuwa bado na kiatu kimoja cha mteja.

"Bi Mvuke!" aliita. "Kazi imerudi?"

Bi Mvuke alishika nondo za geti. Nyuma yake boila ilikuwa ikinguruma, sauti ile ambayo yeye mwenyewe aliililia. Aliona kwamba wingu lile limewaambia watu hawa jambo fulani kwa niaba yake, na yeye hakujua kama ni kweli au ni uongo.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?" mtu akafoka kutoka nyuma. "Wewe si ndiye mhandisi? Wewe usipojua, nani ajue?"

"Nimeambiwa niwashe boila, nimewasha. Kuna wageni wanaitazama. Zaidi ya hapo, jamani, mimi na nyinyi tuko sawa. Walahi sijui."

Palitokea manung'uniko. Mwanamke mmoja, aliyekuwa wa maabara, akasema kwa uchungu, "Basi mngewasha gizani tusione." Bi Mvuke alitamani ardhi ipasuke. Kisha Baba Cheche akajisogeza mpaka kwenye geti, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kazini:

"Lakini imewaka vizuri?"

"Imewaka vizuri."

"Haivuji?"

"Inavuja pale kwenye maungio ya bomba la kaskazini."

"Pale pa siku zote?"

"Palepale."

Baba Cheche akageuka akawatangazia wenzake: "Inavuja palepale pa siku zote!" Na watu, sijui kwa nini, wakaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mmoja akauliza pale pamechomelewa mara ngapi, mwingine akasema yule aliyepachomelea anajulikana na sasa anauza viatu. Baba Cheche akamtishia kwa kile kiatu. Hawakuondoka. Walikaa ukingoni mwa barabara, kwenye mawe na kwenye majani, wakitazama mvuke ukipanda, wakizungumza habari zao, mpaka ilipoamriwa boila izimwe. Wingu likawa jembamba, likakatika. Wakainuka mmojammoja, wakapangusa suruali, wakaenda. Bi Mvuke hakujua kama amewafanyia wema au ubaya, na hata leo ukimuuliza atakwambia hajui.

Jibu lilikuja baadaye, na lilikuwa jibu la kumchanganya mtu vilevile. Halikuwa ndiyo wala hapana. Matangi yatabaki, yatatumika kuhifadhi mafuta yanayoletwa yakiwa yamekwisha kusafishwa kwingine. Boila, kwa kuwa imewaka vizuri, itang'olewa iuzwe kwa kiwanda cha sabuni. Tanuru na mnara vitakatwa. Na yeye, meneja alimwambia, kama anataka atakuwa msimamizi wa matangi.

"Nyumba imebomolewa, mimi nimebakishwa kwenye mitungi ya maji," alimwambia mumewe jioni hiyo.

Mumewe alikuwa amefungua redio ya mtu, nyaya nje. Aliweka bisibisi chini. "Unataka kukubali?"

"Sijui."

"Unataka kukataa?"

"Sijui. Nikikataa nitakuwa na haki. Nikikubali nitakuwa na pa kwenda asubuhi. Wewe ungefanyaje?"

"Mimi?" alisema mumewe. "Mimi watu wananiletea redio nitengeneze, siku hizi wananiletea simu. Sikumbuki siku niliyoamua. Nilinyanyua kichwa nikakuta mezani hakuna redio."

"Hiyo hapo ni redio."

"Hii ni ya mama yako."

Akakubali. Si kwa kuamua hasa. Asubuhi iliyofuata alijikuta amefunga buti.

Siku ya kukata mnara, Kasuku alikataa kuja. Alituma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua, na kwa mtu wa maneno mengi ujumbe ule ulikuwa mfupi sana. Bi Mvuke alikwenda. Alijiandaa kulia, akaweka na kitambaa mfukoni. Walikuja wakataji na mitungi yao ya gesi, wakavaa miwani ya giza, wakaanza juu wakishuka. Kipande cha kwanza kilipoteremshwa kwa kreni na kulazwa chini, alisogea kuchungulia. Ndani mlikuwa safi. Sahani za mnara, zile zilizokuwa zikimpa kila mmoja kiti chake, zilikuwa zimepangwa vizuri, hazina hata doa la kutu. Naitrojeni ilifanya kazi yake. Alikuwa hajawahi kuuona mnara kwa ndani ukiwa na mwanga wa jua.

Mkuu wa wakataji alivua miwani, akapitisha kiganja juu ya chuma.

"Nani alikuwa anakitunza hiki?" akauliza.

"Mimi na mwenzangu."

"Mama, hongera." Alikuwa mtu mwenye uso wa masizi, na alisema kwa moyo mmoja. "Nimekata viwanda vingi. Vyote huwa vimekwisha kuoza, nusu yake tunatupa. Chuma hiki kimekaa kama kipya. Hakuna hata kipande kitakachotupwa. Umewafanyia kazi nzuri sana hawa wenye skrepa."

Bi Mvuke alifungua mdomo amshukuru. Maisha yake yote alitaka mtu wa kazi aione kazi yake na kuisifu, na sasa ameiona na kuisifu, akiwa ameshika bomba la moto mkononi. Atabasamu? Amtukane? Alijikuta akicheka, kicheko cha ajabu kilichotoka tumboni, na yule mkataji akacheka naye kwa adabu bila kujua sababu. Kitambaa hakukitumia. Alimpa yule mtu afute masizi.

Nyumbani mama yake alimwuliza, "Wamekikata?"

"Wanakikata, mama."

"Pole."

"Wamesema nilikitunza vizuri."

Bibi alifikiri sana. "Hata marehemu bibi yako," alisema mwishowe, "siku anakufa alikuwa amefagia ua." Akaenda zake jikoni, na Bi Mvuke akabaki ukumbini akijaribu kujua kama hilo lilikuwa jibu.

Siku hizi yuko kwenye matangi. Kasuku pia, baada ya tumbo kupona. Mafuta yanapoletwa, kabla hayajaruhusiwa kuingia, yeye ndiye anayechukua sampuli kwenye chupa ya kioo na kuipima. Ya kwanza kabisa ilikuwa dizeli. Aliinyanyua kwenye mwanga. Ilikuwa safi, rangi ya dhahabu hafifu, haina wingu ndani. Mahali fulani, katika nchi asiyoijua, kuna mnara, na chini ya mnara huo kuna mtu anayezunguka akisikiliza, aliyehakikisha hii haikupanda kwa jirani wala kushuka. Alitaka kumwonea wivu. Alitaka pia kumkasirikia. Badala yake aligundua kwamba amesimama muda mrefu akiitazama chupa kwa namna ya kupenda.

"Vipi?" Kasuku aliuliza, mkono kwenye vali. "Ina kasoro?"

"Hapana," alisema. "Huyu anajua kazi."

"Huyu nani?"

Bi Mvuke alifunga chupa, akaifuta nje kwa kitambaa.

"Fungua vali," akasema. "Taratibu."